Malta, Kenya na Sheria ya Bahari: Nguvu ya Nchi Ndogo Ndani ya Umoja wa Mataifa, 1967–1994

Nguvu ya nchi ndogo ndani ya Umoja wa Mataifa kwa kawaida hupimwa kwa kura, kwa kuwa tangu mwaka 1945 kila mwanachama wa Baraza Kuu ana kura moja, bila kujali wingi wa watu wake, utajiri wake wala idadi ya manowari zake. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu maazimio mengi ya Baraza Kuu ni mapendekezo yasiyomfunga mwanachama asiyeyataka, ilhali Baraza la Usalama, ambalo maamuzi yake yanaweza kufunga, limo chini ya kura ya turufu ya mataifa matano makubwa. Kama kura peke yake ingekuwa nguvu, nchi zinazoendelea, ambazo tangu miaka ya 1960 ndizo zilizo nyingi katika Baraza Kuu, zingekuwa zimekwisha kuupanga upya uchumi wa dunia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliojadiliwa kuanzia mwaka 1973 hadi 1982, unatoa nafasi nzuri ya kuichunguza nguvu hiyo kwa undani, kwa kuwa nguzo mbili kubwa za mkataba huo ziliwekwa na nchi ambazo hakuna aliyezihesabu kuwa na uwezo baharini. Malta ilileta hoja kwamba sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya mataifa ni urithi wa pamoja wa wanadamu. Kenya ilileta hoja kwamba nchi ya pwani iwe na mamlaka juu ya mali zote za baharini hadi umbali wa maili 200. Hoja zote mbili zilikubaliwa na wengi na zote mbili ziliandikwa katika mkataba mmoja, lakini ya Kenya ilishika mizizi hata kabla mkataba haujaanza kutumika, wakati ya Malta ililazimika kupunguzwa ili ikubalike kwa wenye nguvu. Nchi ndogo hapa ina maana ya nchi isiyoweza kulinda maslahi yake baharini kwa uwezo wake yenyewe. Kwa maana hiyo Kenya ya mwaka 1971, yenye eneo kubwa la nchi kavu lakini isiyo na meli za utafiti wala za uvuvi wa mbali, ilikuwa ndogo kama Malta.

Bahari kabla ya mwaka 1967

Kwa muda wa karne tatu sheria ya bahari ilisimama juu ya kanuni ambayo mwanasheria Mholanzi Hugo Grotius aliitetea mwaka 1609, kwamba bahari kuu ni huru kwa watu wote na haiwezi kumilikiwa na yeyote. Taifa la pwani lilimiliki ukanda mwembamba tu wa maji yaliyo karibu na ufuko wake, uitwao bahari ya kitaifa, ambao nchi nyingi zenye nguvu ziliuhesabu kuwa maili tatu za baharini. Uhuru huo ulikuwa wa wote kwa jina, lakini uliwafaa hasa wenye meli za kwenda mbali, na mataifa yaliyoutetea kwa nguvu zaidi, Uingereza ikiwa mbele, yalikuwa yale yaliyokuwa na majeshi makubwa ya majini na biashara kubwa ya ng'ambo.

Ufa wa kwanza katika kanuni hiyo ulitoka kwa taifa kubwa lenyewe. Tarehe 28 Septemba 1945 Rais Harry Truman wa Marekani alitangaza kwamba nchi yake ina mamlaka juu ya mali asili za rafu ya bara, yaani ile sehemu ya nchi kavu inayoendelea kuteremka taratibu chini ya maji kabla ya kufika kwenye kina kirefu. Nchi za pwani ya Pasifiki ya Amerika Kusini, ambazo rafu yao ni nyembamba mno hata isiwe na faida kubwa, ziliona kwamba kama Marekani imeruhusiwa kujiongezea sakafu yenye mafuta, wao nao hawana budi kujiongezea maji yenye samaki. Chile na Peru zilidai maili 200 mwaka 1947, na tarehe 18 Agosti 1952, mjini Santiago, Ekuador iliungana nazo katika tamko la pamoja. Mataifa yenye meli nyingi yalilikataa tamko hilo na kuliona kuwa kioja cha kisheria.

Mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu sheria ya bahari, uliofanyika Geneva mwaka 1958 na kuhudhuriwa na nchi 86, ulitoa mikataba minne lakini haukuafikiana juu ya upana wa bahari ya kitaifa. Mkutano wa pili, wa mwaka 1960, ulishindwa tena, pendekezo lake kuu likikosa kura moja tu kufikia theluthi mbili zilizohitajika. Wakati huo Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda zilikuwa bado chini ya utawala wa Uingereza, na sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na sauti yake mle ukumbini, kwa hiyo kanuni zilizopitishwa Geneva zilikuwa, machoni pa serikali zilizopata uhuru miaka michache baadaye, mali ya wengine. Mkataba wa mwaka 1958 kuhusu rafu ya bara uliacha mlango mwingine wazi: ulisema kwamba mamlaka ya nchi ya pwani yanafika kina cha mita 200, au kupita hapo mpaka pale ambapo uchimbaji unawezekana. Kwa kuwa uwezekano huo ulitegemea mitambo, kila hatua ya teknolojia ingeweza kuusogeza mpaka mbele zaidi, na mwenye teknolojia alikuwa ni taifa tajiri.

Hoja ya Malta

Malta, kisiwa cha Mediterania chenye ukubwa wa kilomita za mraba 316 pamoja na visiwa vyake vidogo, ilipata uhuru tarehe 21 Septemba 1964. Mjumbe wake wa kwanza katika Umoja wa Mataifa alikuwa Arvid Pardo, mwanadiplomasia aliyezaliwa Roma mwaka 1914 kwa baba Mmalta na mama Mswidi. Tarehe 17 Agosti 1967 ujumbe wa Malta uliomba jambo jipya liingizwe katika ajenda ya Baraza Kuu, nalo ni hatima ya sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya mataifa. Tarehe 1 Novemba mwaka huo Pardo aliieleza hoja hiyo mbele ya Kamati ya Kwanza ya Baraza Kuu, ile inayoshughulikia siasa na usalama, katika hotuba ndefu iliyoanza asubuhi na kuendelea mchana.

Hoja yenyewe ilijengwa juu ya mambo mawili ambayo mataifa makubwa yalikuwa yakiyajadili kimyakimya. La kwanza lilikuwa utajiri wa madonge ya madini yaliyotapakaa kwenye vilindi, yenye manganisi, nikeli, shaba na kobalti, ambayo wanasayansi waliyafahamu tangu safari ya meli ya Kiingereza Challenger ya miaka ya 1872 hadi 1876. La pili lilikuwa hatari ya kuwekwa silaha za nyuklia kwenye sakafu hiyo katika kipindi ambacho Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikuwa zikishindana kwa nyambizi. Pardo alipendekeza kwamba eneo hilo litangazwe kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu, lisimilikiwe na taifa lolote, litumike kwa amani peke yake, na faida yake igawanywe kwa kuzipa nchi maskini kipaumbele. Makadirio ya utajiri aliyoyatumia yalikuwa makubwa kupita kiasi, kama ilivyokuja kudhihirika, lakini matumaini ya mali nyingi ndiyo yaliyozivuta serikali ambazo nadharia ya sheria isingeziamsha.

Mbinu ya Malta inastahili kuangaliwa. Kwa mujibu wa kanuni za Baraza Kuu, mwanachama yeyote anaweza kuomba jambo liingizwe katika ajenda, na jambo likishaingia haliondoki kwa urahisi, kwa sababu huzaa azimio, azimio huzaa kamati, na kamati huzaa ripoti ambayo lazima ijadiliwe mwaka unaofuata. Desemba 1967 Baraza Kuu liliunda kamati ya muda ya nchi 35. Mwaka 1968 kamati hiyo ikafanywa ya kudumu yenye nchi 42, na kufikia mwaka 1971 wanachama wake walikuwa 91. Desemba 1969 Baraza Kuu lilipitisha, kwa kura 62 dhidi ya 28, na 28 zikijizuia, azimio la kusimamisha uchimbaji wote katika eneo hilo hadi utaratibu wa kimataifa utakapowekwa. Mataifa yenye viwanda yalilipinga na hayakukubali kwamba linayafunga. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Desemba 1970, tamko la kanuni lililoutaja urithi wa pamoja lilipita kwa kura 108 bila hata moja ya kupinga, huku nchi 14 zikijizuia, na azimio jingine la siku hiyo likaitisha mkutano mpya mkubwa. Katika miaka mitatu Malta ilikuwa imefungua upya sheria nzima ya bahari, ambayo mataifa makubwa yalidhani yameifunga mwaka 1958.

Hata hivyo hoja ikishaingia katika shirika la kimataifa huwa haimtii tena aliyeileta. Baada ya chama cha Dom Mintoff kushinda uchaguzi wa Malta mwaka 1971, Pardo aliondoka katika nafasi yake, na rasimu ya mkataba kamili wa bahari iliyowasilishwa na Malta mwaka huohuo, iliyotaka bahari nzima isimamiwe kama kitu kimoja, haikuchukuliwa kuwa msingi wa majadiliano. Walioishika hoja sasa walikuwa Kundi la 77, yaani umoja wa nchi zinazoendelea ulioundwa mwaka 1964, na kundi hilo lilikuwa na mambo yake.

Hoja ya Kenya na umoja wa Afrika

Wakati Malta ikitazama vilindi, nchi za pwani ya Afrika zilitazama samaki waliokuwa karibu na macho yao. Katika miaka ya 1960 meli kubwa za uvuvi kutoka Umoja wa Kisovieti, Japani na nchi za Ulaya zilikuwa zikivua kwenye maji yaliyopakana na bahari za kitaifa za nchi changa, na sheria iliyokuwapo haikuzipa nchi hizo haki ya kuzizuia wala kudai malipo. Njia ya Amerika Kusini, ya kuipanua bahari ya kitaifa yenyewe hadi maili 200, ilikuwa na kasoro moja kubwa: iligusa uhuru wa meli kupita, na mataifa yenye majeshi ya majini yasingeikubali kamwe.

Kenya ilitoa njia ya kati. Katika vikao vya Kamati ya Mashauriano ya Kisheria ya Asia na Afrika, kwanza Colombo mwaka 1971 na kisha kwa ukamilifu zaidi Lagos Januari 1972, mwanasheria wa Kenya Frank Njenga alieleza wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari. Ndani ya ukanda huo wa maili 200 nchi ya pwani ingekuwa na mamlaka juu ya samaki, mafuta, gesi na mali nyingine, lakini meli za mataifa yote zingeendelea kupita, ndege kuruka juu yake na nyaya za mawasiliano kulazwa chini yake. Mamlaka ya nchi, ambayo kabla ya hapo yalihesabiwa kuwa kitu kimoja kisichogawanyika, yalipasuliwa mafungu mawili, la mali likapewa mwenye pwani na la mawasiliano likabaki kwa wote. Juni 1972 semina ya nchi za Afrika iliyofanyika Yaoundé, Kamerun, iliunga mkono wazo la ukanda wa kiuchumi, na Agosti mwaka huo Kenya iliwasilisha rasimu ya vifungu mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ikikutana Geneva. Nchi za Karibi nazo, katika tamko la Santo Domingo la Juni 1972, zilikuwa zimefikia wazo la jamii hiyohiyo.

Mei 1973 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulilipitisha wazo hilo mjini Addis Ababa kuwa msimamo wa bara zima. Maafikiano hayo hayakuwa mepesi, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanachama wa umoja huo, Uganda, Rwanda, Burundi na Zambia zikiwamo, hazina pwani, nazo ziliona wazi kwamba kila maili inayoongezwa kwa jirani inapunguza bahari iliyokuwa yao kwa haki sawa na wengine. Nchi za pwani ziliahidi kwamba majirani wasio na bahari watapata sehemu ya samaki wa ukanda huo na haki ya kupitisha shehena zao hadi bandarini. Katika mkataba wa mwisho haki ya kupita ilibaki, lakini ile ya samaki ilipungua ikawa haki ya kushiriki katika ziada tu, yaani kile kinachobaki baada ya nchi ya pwani kujikadiria uwezo wake wa kuvua. Wadogo waliposhirikiana dhidi ya wakubwa, walio wadogo zaidi miongoni mwao ndio waliolipa sehemu ya gharama.

Viti, makundi na rasimu

Mkutano wa Tatu wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulifunguliwa New York Desemba 1973 kwa mambo ya utaratibu, na majadiliano yenyewe yakaanza Caracas, Venezuela, Juni 1974, yakihudhuriwa na wajumbe wa nchi zaidi ya 130. Kanuni mbili za kazi ziliamua mwendo wake. Kwanza, ilikubaliwa kwamba kura isipigwe mpaka kila jitihada ya kufikia mwafaka iwe imekwisha, mwafaka ukiwa na maana ya hali ambayo hakuna mjumbe anayesimama kupinga rasmi. Pili, mambo yote yangepitishwa pamoja kwa mpigo mmoja, ili nchi inayopata hapa ikubali kupoteza pale. Kanuni hizo zilidaiwa hasa na mataifa makubwa, yaliyoogopa kuzidiwa kwa kura, lakini ziliwapa wadogo nao silaha, kwa sababu hata ujumbe mdogo ungeweza kuchelewesha mwafaka, na hakuna jambo ambalo wakubwa walilitaka ambalo lingepatikana bila kulipiwa.

Jambo walilolitaka zaidi lilikuwa njia. Bahari ya kitaifa ilipoelekea kupanuliwa kutoka maili 3 hadi 12, milango-bahari zaidi ya 100, yaani mapito membamba yanayounganisha bahari moja na nyingine, ingeingia ndani ya maji ya mataifa ya pwani. Marekani na Umoja wa Kisovieti, zilizokuwa mahasimu katika mambo mengine karibu yote, zilikuwa na sauti moja kuhusu haki ya manowari na nyambizi zao kupita humo bila kuomba ruhusa. Haki hiyo iliandikwa, na bei yake ilikuwa ni kuukubali ukanda wa maili 200. Kwa njia hiyo hoja ya Kenya ilipata waungaji mkono ambao haikuwa imewatafuta.

Uendeshaji wa mkutano wenyewe uliangukia kwa sehemu kubwa mikononi mwa watu wa nchi za kati na ndogo. Rais wake alikuwa Hamilton Shirley Amerasinghe wa Sri Lanka, aliyeiongoza kamati ya sakafu ya bahari tangu mwanzo. Kamati ya Kwanza, iliyoshughulikia uchimbaji wa vilindi, iliongozwa na Paul Bamela Engo wa Kamerun; ya Pili na Andrés Aguilar wa Venezuela; ya Tatu na Alexander Yankov wa Bulgaria. Mwaka 1975, majadiliano yalipozama katika wingi wa mapendekezo, wenyeviti wa kamati hizo tatu walipewa kazi ya kuandika, kwa dhamana yao wenyewe, rasimu moja ya kuanzia. Rasimu hiyo haikumfunga yeyote, lakini tangu siku ilipogawiwa kila aliyetaka neno libadilike ndiye aliyebebeshwa kazi ya kuwashawishi wengine, na hapo ndipo thamani ya kiti cha mwenyekiti ilipoonekana. Serikali mpya ya Sri Lanka ilipomwondoa Amerasinghe katika ujumbe wake, mkutano uliamua mwaka 1978 abaki kuwa rais hata bila kuiwakilisha nchi yake. Alipofariki Desemba 1980, nafasi yake ilichukuliwa na Tommy Koh wa Singapore, nchi ambayo uhai wake ulitegemea meli zinazopita Mlango-bahari wa Malaka.

Makundi nayo hayakufuata mistari ya kawaida ya siasa. Nchi zisizo na pwani na zile zenye pwani finyu ziliunda kundi lililofikia wanachama zaidi ya 50, ambamo Austria na Uswisi zilikaa pamoja na Uganda na Nepal, na idadi hiyo ilitosha kuzuia theluthi mbili endapo kura ingepigwa. Indonesia, Ufilipino, Fiji, Morisi na Bahama zilishikamana mpaka mkataba ukatambua dola za funguvisiwa, yaani nchi ambazo maji yaliyo baina ya visiwa vyake huhesabiwa kuwa sehemu ya nchi. Kwa upande wa uchimbaji, Zaire na Zambia, zilizoishi kwa shaba na kobalti ya migodi ya nchi kavu, zilitaka kiwango cha uzalishaji wa vilindini kiwekewe kikomo ili bei isianguke, na zikajikuta upande mmoja na Kanada, mzalishaji mkubwa wa nikeli. Nchi iliyokuwa na jambo moja la kulipigania iliweza kupata washirika popote, wakati taifa kubwa, lenye maslahi katika kila kamati, lililazimika kila mara kutoa kitu kimoja ili kuokoa kingine.

Kura ya mwaka 1982 na marekebisho ya mwaka 1994

Mwafaka haukupatikana katika jambo moja, nalo ni lile la Malta. Sehemu ya XI ya mkataba iliunda Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, ikiwa na shirika lake la uchimbaji, kikomo cha uzalishaji, na sharti la makampuni binafsi kuuza teknolojia yao kwa shirika hilo. Serikali ya Rais Ronald Reagan, iliyoingia madarakani mwaka 1981, iliamua kuyapitia yote upya na kudai mabadiliko ambayo Kundi la 77 halikuwa tayari kuyakubali. Tarehe 30 Aprili 1982 kura ikapigwa: nchi 130 zilikubali, nne zilikataa, nazo ni Marekani, Israeli, Uturuki na Venezuela, na 17 zilijizuia, miongoni mwake Uingereza, Ujerumani Magharibi na Umoja wa Kisovieti. Mkataba wenye vifungu 320 ulitiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982 na watia saini 119, na Fiji ikauridhia siku hiyohiyo.

Kwa hesabu ya kura ulikuwa ushindi mkubwa. Nchi tatu ndogo, Jamaika, Malta na Fiji, zilikuwa zimeshindania heshima ya kuwa makao ya Mamlaka, na Jamaika ikashinda. Tume ya Maandalizi, iliyoanza kukutana Kingston mwaka 1983, ilikuwa na mwenyekiti Mtanzania, Joseph Warioba, na baada yake José Luis Jesus wa Cape Verde. Lakini Mamlaka isingekuwa na kazi bila makampuni yenye mitambo, wala bajeti bila wachangiaji wakubwa, na kwa zaidi ya miaka kumi karibu wote walioridhia walikuwa nchi zinazoendelea. Guyana iliridhia ikiwa ya 60 tarehe 16 Novemba 1993, na kwa hiyo mkataba ungeanza kutumika mwaka mmoja baadaye huku mataifa makubwa yenye viwanda yakiwa nje. Vita Baridi ilikuwa imekwisha, bei za madini zilikuwa chini, na uchimbaji wa vilindi haukuwa umeanza. Mashauriano yaliyoanzishwa na Katibu Mkuu Javier Pérez de Cuéllar mwaka 1990, ambayo Satya Nandan wa Fiji aliyasukuma kwa sehemu kubwa, yalizaa makubaliano ya tarehe 28 Julai 1994. Sharti la kuuza teknolojia na kikomo cha uzalishaji viliondolewa, shirika la uchimbaji likaahirishwa na kutakiwa kufanya kazi kwa ubia, na wenye uchumi mkubwa wakapewa uwezo wa kuzuia maamuzi ndani ya Halmashauri ya Mamlaka. Jina la urithi wa pamoja lilibaki, lakini sehemu kubwa ya utaratibu uliokusudiwa kuugawa ilikuwa imeondolewa. Marekani, ambayo marekebisho hayo yalifanywa kwa kiasi kikubwa kwa ajili yake, haikuuridhia mkataba hata baada ya hapo.

Hatima ya ukanda wa kiuchumi ilikuwa tofauti kabisa. Kuanzia mwaka 1976 na 1977, mkutano ukiwa bado unaendelea, Marekani, Kanada, Norwe, Umoja wa Kisovieti na Jumuiya ya Ulaya zilitangaza maeneo ya uvuvi ya maili 200. Kenya yenyewe ilitangaza ukanda wake Februari 1979. Machi 1983 Reagan, aliyekataa kuutia saini mkataba, alitangaza ukanda wa kiuchumi wa Marekani kwa maneno yaliyofuata mkataba huohuo. Mwaka 1985, katika kesi ya mpaka wa bahari kati ya Libya na Malta, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kwamba ukanda wa kiuchumi umekwisha kuwa sehemu ya sheria ya desturi, yaani sheria inayotokana na mwenendo wa mataifa na kumfunga hata asiyesaini.

Ushindi wa nani?

Tofauti kati ya hatima hizo mbili haielezwi na idadi ya waungaji mkono, kwa kuwa waliozipigia kura walikuwa walewale. Ukanda wa kiuchumi ulikuwa jambo ambalo kila nchi ya pwani ingeweza kulitekeleza peke yake kwa kulitangaza, na lilimpa zaidi mwenye pwani ndefu, kwa hiyo Marekani na Ufaransa, zenye visiwa katika bahari nyingi, ndizo zilizoondoka na kanda kubwa kuliko zote. Urithi wa pamoja ulihitaji shirika, na shirika lilihitaji fedha na mitambo ya wale waliotakiwa kunyimwa uhuru wao. Hoja ya kwanza iliwapa wakubwa sababu ya kuitii. Ya pili iliwapa sababu ya kusubiri.

Zaidi ya hayo, hoja moja iliila nyingine. Kanda za maili 200 zikiunganishwa hufunika zaidi ya theluthi moja ya bahari yote ya dunia, na humo ndimo walimo samaki wengi wanaovuliwa na sehemu kubwa ya mafuta na gesi vinavyoweza kuchimbwa, hivi kwamba kilichobaki kwa wanadamu wote kilikuwa vilindi vya mbali ambavyo faida yake ilikuwa bado ya kukisia. Pardo mwenyewe aliliona hilo mapema na kulilalamikia. Nchi zilizoisifu hoja yake mwaka 1970 ndizo zilizokuwa mstari wa mbele kuukata urithi huo, na hazikufanya hivyo kwa unafiki: kwa serikali ya Nairobi au Dar es Salaam, jodari aliye mbele ya pwani yake alikuwa na thamani ya leo, wakati donge la manganisi lilikuwa ahadi.

Nchi za Afrika Mashariki ziliishi baadaye ndani ya sheria zilizosaidia kuziandika, kwa faida na kwa hasara. Kenya na Tanzania zilikubaliana mpaka wao wa baharini kwa kubadilishana barua za kidiplomasia mwaka 1975 na 1976, hata kabla mkataba haujakamilika. Kati ya Kenya na Somalia hapakuwa na makubaliano ya namna hiyo, na tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mpaka uliokataa msimamo wa Kenya kwamba mstari ufuate latitudo, uamuzi ambao Kenya iliukataa. Taifa lililoipa dunia wazo la ukanda wa kiuchumi lilipata kujua kwamba kanuni ikishakuwa ya wote haimpendelei mwasisi wake.

Kutokana na historia hii, uwezo wa nchi ndogo katika shirika kubwa unaonekana kukaa katika hatua za mwanzo na za kati za kutunga sheria: kuingiza jambo katika ajenda, kutoa rasimu ya kwanza, kushika kiti cha mwenyekiti, na kuunganisha makundi yasiyotarajiwa. Hatua ya mwisho, ile ya kuifanya sheria ifanye kazi, huamuliwa na wenye fedha na meli. Malta ilishika hatua za mwanzo kwa ustadi ambao haujapata mfano mwingi, lakini ilikabidhi hoja isiyo na kitu cha kumvutia mwenye nguvu. Kenya, kwa kuyagawa mamlaka ya baharini kati ya mali na njia, iliwatengenezea wakubwa fungu lao kabla hawajalidai, na kwa sababu hiyo hoja yake ilitekelezwa na walewale walioweza kuizuia, ingawa fungu walilolichukua liligeuka kuwa kubwa kuliko la aliyewagawia.